Kukaa Kabla ya Safari

Asubuhi ambayo Faina alikuwa afungiwe ndani ya chumba cha majaribio, mama yake, Glafira Petrovna, alisimama mbele ya ngazi za taasisi ya utafiti, mikono kiunoni, akamzuia kila mtu kushuka.

"Tunakwenda chini hapo tu, mama," Faina alisema. "Hiyo nayo ni safari?"

"Umebeba sanduku?"

"Nimebeba."

"Basi ni safari. Kaa."

Pale Krasnoyarsk, mji wa Siberia, hakuna anayeondoka kwenda mbali bila kukaa kimya kidogo pamoja na wanaobaki. Waziri hukaa, mlevi hukaa. Basi wakakaa. Faina alikaa juu ya sanduku lake, wenzake wawili wa kuingia naye wakajibanza kwenye kizingiti cha dirisha, Glafira Petrovna akachukua kiti cha bawabu. Yefim, mume wa Faina, mchochea moto wa taasisi, aligeuza ndoo ya makaa akaikalia. Hata mkurugenzi, Venyamin Lvovich, alikaa kwenye ngazi na koti lake jeupe, akawa anatazama viatu vyake. Hakuna aliyesema neno. Kisha Glafira Petrovna akajipiga mapaja.

"Haya. Nendeni salama."

Wakashuka. Mlango wa chuma ukafungwa. Hapo ndipo walipokosea, kwa sababu mtu hakai hivyo kwa ajili ya majaribio.

Chumba chenyewe kilikuwa cha chuma, kimejengwa chini ya taasisi, hakipitishi hewa. Ndani mliota ngano chini ya taa kali, na maji yaliyotumika yalisafishwa yakanywewa tena. Taasisi ilitaka kujua kama binadamu anaweza kusafiri hadi nyota nyingine. Venyamin Lvovich aliwahi kuwaeleza wafanyakazi wote ukumbini: hata nyota ya jirani iko mbali kiasi kwamba watakaoondoka watafia njiani, na watakaofika watakuwa wajukuu zao. Yefim alimsikiliza akiwa nyuma kabisa, anaziba bomba linalovuja. Faina ndiye aliyekuwa akitunza ngano. Alijitolea kuingia kwa kuwa waliahidiwa nyumba ya vyumba viwili, na kwa kuwa aliipenda ile ngano. Ilikuwa akae msimu mmoja tu wa baridi, kisha atoke.

Lakini walikuwa wamekaa, kwa hiyo chumba kiliondoka.

Hakikusogea mahali pake. Yefim aliweza kukigusa kila akishuka kuangalia mabomba, na rangi yake iliendelea kubanduka kama kawaida. Ila kwenye kile kidirisha cha mlango, Faina alianza kuwa mdogo. Mwanzoni alionekana kama mtu aliye ng'ambo ya barabara. Baadaye alikuwa kama mtu aliye ng'ambo ya mto Yenisei, na taa za ngano nyuma yake. Theluji ya kwanza ilipodondoka mjini, kidirishani palibaki nukta ya mwanga.

"Kimeondoka," fundi wa vipimo alimwambia, akimmiminia chai.

"Kweli kabisa?"

"Walikaa, Yefim Kuzmich. Ulitegemea nini?"

"Na mlango ukifunguliwa?"

"Nyuma yake hakuna hewa. Utawaua wao na sisi. Weka sukari."

Simu ya pale mlangoni ilibaki inafanya kazi. Wiki ya kwanza Faina alijibu papo hapo. Baadaye Yefim alikuwa akimsalimu anapoingia kazini, anachochea moto, anakula mkate wake na kabichi, kisha anarudi kusikia salamu zikirudishwa. Alizoea. Alijifunza kusema yote kwa mkupuo mmoja, na kutouliza mambo ambayo jibu lake litakuja limechacha.

Siku moja aliinua simu akasikia sauti ya mkewe, tulivu kama anayesoma hali ya hewa.

"Yefim, nina mimba. Nilikuwa nayo kabla ya kuingia. Niliwauliza kwenye vipimo, daktari akasema niko sawa kabisa. Kula vizuri. Usimwache mama abebe kuni."

Yefim alipanda ghorofani na buti zake za makaa, akapita kwenye zulia jekundu, akaingia kwa mkurugenzi bila kubisha hodi.

"Ulijua?"

Venyamin Lvovich alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Glafira Petrovna alipougua mapafu, ni yeye aliyemtafutia dawa.

"Nilijua," alisema. "Kaa, Yefim Kuzmich."

"Nimekaa vya kutosha humu."

"Nisikilize. Chakula, maji, hewa, hayo tumeyamaliza. Limebaki swali moja. Mtu atazaliwa katikati ya njia, hakuona alikotoka, hataona aendako. Je, atakubali kuishi? Tusipojua hilo, hakuna nyota itakayofikiwa."

"Ungemwambia Faina."

"Angekataa kuingia."

"Ndiyo. Angekataa."

Mkurugenzi alifuta miwani. Kisha alisema kwamba ile nyumba ya vyumba viwili ilikuwa tayari, na kwamba ilitazama kusini.

Mtoto alizaliwa. Faina alimwita Zlata, kwa sababu ya rangi ya ngano. Kilio chake kilifika kwenye simu wakati barafu ya mto ilikuwa inapasuka, na Yefim alikisikiliza huku ameshika koleo. Hesabu za fundi zilisema kwamba kufikia saa hiyo mtoto alikuwa anaota meno.

Glafira Petrovna hakulia. Alimgeukia mkwewe.

"Hodari wa moto wewe, na mkeo yuko kwenye baridi kuliko baridi zote. Utakaa tu hapo kama gunia?"

"Nifanye nini, mama?"

"Mwambie amesahau kitu. Aliyesahau kitu hurudi. Akifika atajitazama kwenye kioo hapo mlangoni, yaishe."

Yefim aliona ni sawa. Ndivyo watu wote walivyofanya wakisahau funguo: wanarudi, wanajitazama kwenye kioo, hakuna baya. Alikwenda nyumbani, akaleta shali ya Faina ya manyoya ya mbuzi na kioo cha sebuleni. Akavitundika vyote kando ya mlango wa chuma. Kisha akasema kwenye simu: "Faina, umesahau shali yako."

Jibu lilikawia. Glafira Petrovna alifariki akilisubiri. Yefim aliota mvi, akaendelea kukifuta kile kioo vumbi kila alipofika kazini. Alipoinua simu siku jibu lilipofika, hakumtambua aliyezungumza mpaka aliposikia anavyovuta pumzi kabla ya kutamka jina lake.

"Yefim, ni kweli, niliisahau. Na wenzangu wamekumbuka, mmoja kisu chake cha uvuvi, mwingine paka wake. Chumba kilisita. Taa zikayumba, ngano ikalala upande mmoja. Halafu kikaendelea. Tumeelewa kwa nini. Zlata hajasahau kitu huko. Hajawahi kufika. Anataka kuzungumza na wewe."

Ikaja sauti ya msichana, haina haraka.

"Baba, shikamoo. Mama amenisimulia. Ulikaa juu ya ndoo kwa ajili yake, na bibi kwenye kiti. Nani alikaa kwa ajili yangu?"

Yefim aliiweka simu chini.

Wiki hiyohiyo taasisi ilikuwa inafungua chumba cha pili. Matokeo ya kwanza yalikuwa mazuri, alisema Venyamin Lvovich, ambaye sasa alikuwa akitembea na fimbo. Ukumbini palikuwa na benchi jipya la mbao, limenunuliwa mahsusi kwa kukaa. Kulikuwa na mwanamke kijana mwenye sanduku, akicheka na mumewe. Yefim alimwendea.

"Binti, daktari amekuambiaje?"

"Kasema niko sawa kabisa, mzee."

"Muulize tena. Muulize kama una mimba."

Yule binti aliacha kucheka. Alimtazama daktari, na daktari akamtazama mkurugenzi.

"Tukae," Venyamin Lvovich alisema kwa upole.

Watu wote wakakaa, na wakati wa kukaa hakuna anayezungumza. Yule binti alikaa na mdomo wazi kidogo, swali lake limo ndani. Kisha mtu akajipiga mapaja, wakasimama wote pamoja, wakashuka naye.

Yefim hakusimama. Alibaki peke yake kwenye benchi, kofia magotini. Alikaa kimya, akimfikiria mtu ambaye hajawahi kumwona, mpaka alipoona inatosha. Kisha akashuka, akapita kando ya shali na kioo, akainua simu.

"Zlata," alisema, "nimekaa kwa ajili yako sasa hivi. Nenda salama, mwanangu."

Alijua kwamba maneno hayo yatakapofika yeye hatakuwapo. Akarudisha simu mahali pake, akaenda kuchochea moto, kwa sababu ghorofani walikuwa wameanza kulalamika baridi.