Kona Isiyotaka Kutulia

Mimi sina subira na kompyuta, na kazini wote wanalijua hilo. Lakini ile ya Firdausi haikuwa kazi ya ofisi. Firdausi ni rafiki yangu tangu chuo, kaolewa Mzenga na Kitwana, na wamejenga banda la kulelea vifaranga. Ndani wanaweka jiko la mkaa, na Kitwana analala humo humo kuliangalia. Nikamwambia, sikiliza mwenzangu, hewa ya mkaa inaua mtu usingizini na haina hata harufu. Asilale humo kabla sijaipima.

"Banda lina matundu mangapi?" nikamuuliza kwenye simu.

"Sita, Magi. Matatu kila upande."

Basi nikakaa nyumbani kwangu Misugusugu, nikalichora banda kwenye kompyuta na matundu yake sita. Programu yetu ya kazini, ya kupima mwendo wa hewa, inaligawa jengo vipande vidogo vidogo, na kila kipande kinamuuliza jirani yake hewa inakwenda wapi, mpaka vyote vikubaliane. Vikikubaliana, mstari wa makosa unashuka na kulala.

Mstari wangu ulikataa kulala. Ulishuka, ukasita, ukapanda, ukashuka tena. Nikapunguza hatua za hesabu. Nikavikata vipande vidogo zaidi. Nikaanza upya na upepo hafifu, nikauongeza taratibu. Wapi. Nikampigia Simoni, mwenzangu wa ofisini, akacheka.

"Ifanye hewa iwe nzito kidogo, kama uji. Itatulia tu, na picha utapata nzuri."

"Watu hawavuti uji, Simoni," nikamwambia, nikakata simu.

Nikatafuta ni vipande gani vinavyogoma. Vyote vilikuwa kona moja, nyuma kushoto, karibu na sakafu. Nikavipaka rangi nyekundu. Vilijipanga kwa urefu wa mtu aliyelala ubavu, na mimi humo sikuwa nimechora kitanda wala mtu. Nikautazama mstari tena, unavyopanda na kushuka. Nikajikuta napumua nao.

Nikampigia Firdausi. "Kona ya nyuma kushoto kuna nini?"

"Nani kakwambia? Kitwana kahamishia kitanda pale leo asubuhi. Kajilaza sasa, maana usiku vifaranga hawakumpa usingizi."

"Nilisema asilale humo. Jiko linawaka?"

"Linawaka. Si matundu yapo? Yote sita yamejaa vifaranga."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mimi nilimuuliza matundu ya kupitisha hewa. Yeye alinijibu matundu ya kuku.

"Na ya hewa?"

"Ya nini tena? Tumeziba kila mahali na turubai, wasipate baridi."

"Mtoe nje," nikasema. "Sasa hivi, Firdausi. Mburute."

Nikasikia ndala zikikimbia, mlango, kisha jina la Kitwana likiitwa. Simu ikakatika.

Nikageukia kompyuta. Mstari ulikuwa unashuka. Nilingoja upande kama ulivyozoea, haukupanda. Ulizidi kushuka, laini kabisa, ukaanza kulala. Sikuwa nimegusa kitu. Tangu asubuhi nilikuwa nauomba utulie, na sasa niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

"Panda," nikaiambia kompyuta, peke yangu chumbani. "Panda. Panda basi, panda." Machozi yalikuwa yananitoka, nami nagonga meza kwa kiganja.

Mstari ukatetemeka, ukapanda juu ghafla.

Simu ikaita. "Amekohoa," Firdausi akasema, akalia, tukalia wote.

Kesho yake nilipanda bodaboda kupitia Mlandizi mpaka Mzenga. Turubai zilikuwa zimeng'olewa, na Firdausi alikuwa anatoboa ukuta kwa tindo kwa hasira, hasira ya kunikasirikia mimi na Kiswahili changu. Kitwana alikaa nje na bakuli la uji, kichwa bado kinamgonga.

"Pole, shemeji," nikamwambia.

"Nimeshapoa. Ila niliota ndoto ya ajabu, shemeji. Nipo kituo cha Kwa Mathias, giza tupu, basi linaondoka. Nimechoka, nataka nibaki tu. Basi kuna mwanamke mlangoni ananipigia kelele, panda, panda, huku anagonga bodi la basi kwa kiganja." Akanywa uji, akanitazama. "Sauti yenyewe kama yako."

Firdausi akaacha kutoboa. Nami sikuwa nimemsimulia mtu yeyote.