Allion ya Mkwe

Kwetu mama mkwe haonani uso kwa uso na mume wa binti yake mpaka huyo mkwe alete mbuzi wa kuondoa aibu. Familia nyingi hapa Ihanja zimeshaliacha jambo hili. Mimi sijaliacha, kwa sababu nina wifi anayeitwa Catherine, na Catherine akikukuta na kosa, litakuwa limezunguka kijiji kizima kabla chai yake haijapoa.

Mkwe wangu Chediel aliahidi kuleta mbuzi baada ya mavuno ya alizeti. Sasa binti yangu Luciana akajifungua kabla ya mavuno, akaja kwangu nimlee uzazi, na Chediel akawa anatoka Mandewa kila baada ya siku mbili tatu kuja kumwona mtoto. Simlaumu. Mtoto ni mzuri, ila ana masikio makubwa yaliyochomoza kama vishikio vya sufuria, na katika ukoo wetu hakuna mwenye masikio hayo. Nilikuwa namwogesha huku najiuliza ameyatoa wapi.

Kujificha si kazi. Kazi ni kujua ujifiche saa ngapi. Chediel ni dalali wa magari, na kila akija anakuja na gari jingine. Nilipoizoea IST nyeupe, akaja na Noah. Nilikuwa uani napeta mtama. Nikafunika uso kwa ungo, nikarudi kinyumenyume hadi jikoni na kukanyaga sufuria ya uji. Tangu siku hiyo nikawa nakimbia kila gari lililokata kona. Nilimkimbia katekista. Nilimkimbia mnunuzi wa mtama, naye akaenda kununua kwa jirani. Nesi alipokuja kumpima mtoto, nililala kifudifudi shambani mpaka akamuuliza Luciana bibi ana tatizo gani.

Ndipo nikaenda kwa Rukaiya, rafiki yangu anayeuza mafuta ya alizeti kando ya barabara kuu. Huyo magari anayajua yakiwa bado mbali.

"Usitazame rangi, Evodia," akaniambia. "Rangi inakudanganya. Tazama uso, likishapita tazama makalio."

Siku ya kwanza alinipa mtihani wa magari ishirini nikapata mawili, na moja lilikuwa trekta. Lakini mimi nikikasirika huwa nasoma. Baada ya wiki mbili nilikuwa naitambua Harrier kwa mgongo na Vitz kwa macho yake ya kushangaa. Nikajua katekista ana Vitz, mnunuzi ana Canter, nesi huletwa na Land Cruiser. Yale ya wengine nikishayajua, lisilo la mtu ndilo la mkwe.

Nikaanza kujificha kwa heshima, bila kukimbia. Na kusema kweli, nikaanza kuringa.

Jumamosi moja, wiki moja kabla ya mbuzi, tumekaa uani mimi na Catherine, likatokea gari la kijivu kule kwenye kona.

"Mkwe huyo," nikasema nikiinuka. "Leo kaja na Allion."

"Allion iko wapi? Hiyo Premio," akasema Catherine.

"Allion, wifi."

"Mume wa dada yangu alikuwa na Premio. Nitaacha kuijua?"

Magari hayo mawili yanafanana kama mapacha, lakini muda wa kubishana haukuwepo. Nikaingia banda la kuku, nikachuchumaa karibu na tetea aliyeatamia, nikachungulia kwenye upenyo wa mbao. Makalio ya lile gari yalikuwa yamenielekea mimi. Maandishi yalikuwa yamebanduka, lakini taa zilikuwa taa za Allion, hata Rukaiya angekula kiapo.

Nikamsikia Chediel akimwamkia Catherine, kisha Catherine akasema kwa sauti ya kufika bandani, "Mkwe, Premio yako nzuri."

Mkwe mwenye adabu hambishii shangazi wa mke wake.

"Asante, shangazi," akasema.

"Maana wifi yangu anajifanya anayajua magari. Ananiambia eti hii ni Allion. Si Premio hii?"

"Ndiyo, shangazi."

Nilivumilia. Mungu ananiona, nilivumilia mpaka Catherine akacheka.

"Hiyo ni Allion!" nikasema, na nilipokuja kujitambua nilikuwa nje, manyoya kichwani, kidole kimenyooshwa kwenye taa. "Tazama makalio yake! Premio iko hivyo?"

Chediel alikuwa mbele yangu, hatua mbili tu, mtoto mikononi. Nikamwona uso wote, na pande zote mbili za uso nikayaona yale masikio.

Akainamisha macho chini. "Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikajibu, na hapo mwiko ukawa umeshavunjika.

"Mama amesema kweli," akamwambia Catherine polepole. "Ni Allion."

Sikumbuki lini mtu aliwahi kunifurahisha namna ile. Catherine alishafunga khanga kuelekea kijijini, nami sikumzuia.

Kwetu anayevunja mwiko ndiye anayelipa, kwa hiyo mbuzi nilimtoa mimi, nikampa mkwe. Tulimpakia siku ileile, mkwe akishika pembe, mimi nikisukuma nyuma. Alienea vizuri kwenye buti. Luciana anasema hata kwenye Premio angeenea, lakini ile haikuwa Premio.