Matairi Yenye Herufi Nyeupe

Mimi nashona mapazia. Nalisema hili mapema kwa sababu mtu akiiona pikapu yangu barabarani hudhani natoka kuchimba madini, au kuokoa watu kwenye mafuriko. Mzigo mzito kuliko yote niliowahi kuubeba ni fimbo za mapazia ya ukumbi mmoja wa mikutano, na hizo zilikuwa za bati jepesi. Lakini pikapu ninayo, inavuta kwa magurudumu yote manne, na nilikuwa mwanachama mwaminifu wa kundi la simu la wenye pikapu. Humo waliniita Pazia, nami nikajifanya sijali.

Siku binti wa Mama Mkubwa alipopiga simu nilikuwa nimebana pini mdomoni. Mama Mkubwa ni dada yake mama yangu, na anaishi na huyo binti yake huko vilimani, mwendo wa saa tatu na nusu kutoka kwetu. Binamu alisema daktari wa macho amewaeleza ukweli: nuru iliyobaki inazimika, dawa hakuna, pengine ni wiki chache tu.

"Bado anaona, ila ni kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo," alisema. "Anataka kumwona Mama Mdogo kabla hajashindwa kabisa. Mleteni."

Mama Mdogo wake ndiye mama yangu, ninayeishi naye. Nilitema pini, nikasema nitamleta mwenyewe. Mama alikuwa hajafika kwa dada yake tangu alipofanyiwa upasuaji wa goti, miaka miwili nyuma. Jioni ileile alipanga nguo kwenye begi lake la kahawia na kuliweka karibu na mlango.

Mtu mwenye akili timamu angeondoka kesho yake. Mimi nilikumbuka matope. Kilomita saba za mwisho za njia ile ni udongo wa mfinyanzi, na mara ya mwisho nilizama humo hadi kwenye ekseli, nikaja kuvutwa na trekta. Aliyeliendesha alikuwa mwanamke wa makamo aliyefanya kazi yake, akafungua mnyororo na kwenda zake bila hata kucheka. Hilo la kutocheka ndilo lililoniuma.

"Nipe siku mbili nibadilishe matairi," nikamwambia Mama. "Haya yamekwisha."

"Sawa, mwanangu. Ila usichelewe."

Hadi hapo sijilaumu. Matairi yalikuwa yamekwisha kweli, na mawingu ya mvua yalikuwa yameanza kuonekana. Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa fundi matairi, ambaye mtaani tunamwita Bwana Upepo, mtu mfupi asiyepandisha sauti, mwenye banda la mabati nyuma ya kituo cha mafuta. Alichuchumaa, akapitisha kidole gumba kwenye meno ya tairi, au tuseme pale yalipokuwa meno.

"Unaenda wapi na gari hili?" akauliza.

"Kila mahali."

"Kila mahali ndiyo wapi?"

Sikuwa na jibu la heshima, kwa hiyo nikasema milimani. Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa dozi. Matairi ya lami ni kimya lakini kwenye matope yanateleza. Ya matope yana meno makubwa, ila kwenye lami yanapiga kelele na yanakula mafuta. "Wewe chukua ya katikati, ya njia zote, saizi hiihii uliyonayo. Ninayo manne ndani. Kabla ya saa sita umeshaondoka."

Akayatoa nikayaona. Hayakuwa na kasoro yoyote, na hiyo ndiyo iliyokuwa kasoro yake. Yalikuwa meusi tu. Hakuna mtu ambaye angegeuza shingo. Kwenye kundi nilikuwa nimeona mengine, ya njia zote hayohayo, lakini makubwa zaidi kwa saizi mbili, na ubavuni yameandikwa kwa herufi nyeupe zilizotuna. Nilikuwa nimeitazama picha ile mara nyingi kuliko nilivyoitazama picha ya harusi yangu.

"Saizi ile haitagusa madigadi?" akauliza Bwana Upepo nilipomwonyesha.

Hapo nikavua futi yangu shingoni, ile ninayopimia madirisha, nikapima nafasi ya juu, ya mbele na ya nyuma, nikaandika kiganjani. "Inaenea," nikasema. "Mimi ni mtu wa vipimo."

"Nani huwa anapanda gari hili?"

"Mimi."

"Na mwingine?"

"Fundi, ni gari la kazi hili."

Akaitikia kwa kichwa. "Hayo ya herufi sina. Nikiagiza ni wiki moja, labda zaidi."

Ningeweza kusema basi, funga hayo meusi. Begi lilikuwa mlangoni. Nilikuwa na sekunde nzima ya kuwaza, nikaitumia kuwaza jinsi wale wa kwenye kundi watakavyonyamaza.

"Agiza," nikasema.

Wiki moja ikawa tatu. Kila asubuhi nililiruka begi la Mama nikienda kazini, na kila jioni nilikaa kitandani kwake kumweleza kwa nini tunasubiri. Nilimweleza unene wa ubavu wa tairi, jinsi meno yanavyojisafisha matope yakizunguka, kwa nini mfereji wa katikati umekatwa mshazari na ule wa pembeni umenyooka. Naapa nilichora. Mama alisikiliza akiitikia kwa kichwa, mikono mapajani.

"Ungekuwa unanitazama mimi namna hiyo," mke wangu alisema siku moja mezani, "ungejua kwamba nimekata nywele."

Nikainua macho. Alikuwa amekata nywele, tena kumbe tangu Jumamosi.

"Mpeleke Mama na teksi," akaendelea. "Binamu yako amepiga simu mara mbili."

Nikajifanya nimetukanwa. Teksi, kwenye njia ile? Mama akasema kutoka chumbani kwake, "Muache. Amesema atanipeleka." Simu ya binamu ya mara ya tatu sikuipokea. Nilijiambia nina pini mdomoni, ingawa siku hiyo nilikuwa napima madirisha tu.

Matairi yakaja. Nilifunga duka nikaenda kusimama bandani na simu mkononi, nikipiga picha kama baba mwenye mtoto mchanga. Bwana Upepo alilegeza nati magurudumu yakiwa bado chini, akapiga jeki, akavua matairi ya zamani kwenye rimu. Akapaka maji ya sabuni kwenye midomo ya yale mapya, akayabana, akayajaza upepo mpaka yakakaa kwenye rimu kwa mshindo uliomfanya kuku wa jirani akimbie. Akayapima mizani, akayarudisha, akakaza nati kwa kurukaruka, moja huku moja kule, yasikae upande. Aliniuliza kama herufi ziwe ndani au nje. Nadhani alikuwa ananichezea.

Kisha akaingia ndani na kuzungusha usukani mpaka mwisho. Tairi likakwaruza madigadi kwa sauti ndefu ya aibu.

"Ulipima magurudumu yakiwa yamenyooka," akasema, bila ubaya. "Gari huwa linakata kona."

Basi akakata plastiki ya ndani ya madigadi, haikutosha. Akaongeza vyuma chini ya springi, gari likapanda juu. Jumlisha na ukubwa wa matairi yenyewe, lilikuwa limeinuka kiganja kizima na zaidi. Mimi nililiona limependeza. Nikatuma picha kwenye kundi, na mmoja akaandika, "Pazia sasa ni mwanaume." Nilisoma maneno hayo mara nne, na ninakiri moyo wangu uliruka.

Matairi ya zamani nilimwambia ayatupe. Akayapakia nyuma, yote manne.

"Ya nini?" nikauliza.

"Nenda nayo tu. Gari lako limekuwa refu."

Kesho yake asubuhi Mama akatoka na gauni lake la bluu na begi lake. Nikamfungulia mlango kwa madaha. Akasimama, akatazama. Sakafu ya gari ilikuwa usawa wa kiuno chake. Aliweka mkono kwenye kiti, akainua mguu mzima, ukafika. Lakini goti la upande wa pili lilipotakiwa kumsukuma juu, lilikataa. Akajaribu tena. Mimi ninayepima dirisha la mtu mara tatu kabla ya kugusa mkasi, nilikuwa nimepima kila kitu cha gari lile isipokuwa huyu niliyekuwa namfungia matairi.

Nikamshika kiunoni nimnyanyue.

"Niache," akasema. "Mimi si fimbo ya pazia."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa na kila haki ya kusema kitu, akakaa kimya, na ningependelea aseme. Alizunguka nyuma, akashusha matairi matatu ya zamani, akapanga mawili moja juu ya jingine, na la tatu akalilaza mbele yake. Ngazi ya vidato viwili. Mama akamshika bega, akapanda la kwanza, akapanda la pili, akaketi.

"Matairi mazuri haya," akasema akiyatazama chini. "Yalikuwa na kosa gani?"

Tukayapakia tena, kwa ajili ya kushukia.

Kwenye lami matairi mapya yalivuma mpaka ikabidi tuongee kwa kupaza sauti, kisha tukaacha kuongea. Watu waligeuka, hilo siwezi kukanusha, nami nilifurahi kila shingo iliyogeuka hadi tulipofika kwenye njia panda ya vilimani. Hapo nikasimama, nikaingiza gia ya kuvuta magurudumu yote manne, nikashika usukani kwa mikono miwili, nikakunja uso.

Njia ilikuwa imemwagiwa changarawe. Ilikuwa kavu, tambarare, imeshindiliwa kama meza yangu ya kupigia pasi. Nilikwenda kilomita mbili nikiwa bado nimekunja uso, kwa sababu sikujua niufanyie nini. Nyuma yetu honi ikalia kwa adabu. Teksi ndogo yenye matairi vipara, imebeba godoro juu, ikatupita na kutokomea mbele.

Mama aliitazama mpaka ikapotea. "Hiyo ingenifikisha," akasema.

Hakusema kwa lawama. Nikapunguza mwendo ili nimsikie.

"Kwa nini hukuichukua, Mama? Wiki zote hizo?"

"Ulikuwa unakuja kila jioni kunieleza matairi." Alikunja na kukunjua mkanda wa begi. "Ilikuwa siku nyingi hujakaa chumbani kwangu. Nikasema, acha nisubiri kidogo."

Nilijiona mdogo kwenye kile kiti kirefu.

Binamu alitupokea getini. Nilipokuwa nashusha matairi ili Mama ashuke, alinisogelea akanong'ona. "Imezimika. Jumatano iliyopita aliamka akaniuliza kama kumekucha." Jumatano iliyopita matairi yalikuwa bado njiani, na mimi nilikuwa nimempigia Bwana Upepo kuuliza kama ile rangi nyeupe inafutika kwa kuoshwa.

Mama Mkubwa alikuwa amekaa barazani, amevaa vizuri, uso ameuelekeza kwenye sauti zetu. Mama alikwenda kwake kwa mwendo wake wa kuchechemea. "Ni mimi," akasema. Wakakumbatiana muda mrefu. Mama Mkubwa akampapasa nywele, mashavu, kidevu, kisha akamshika mkono na kumketisha. Akageuka upande wangu, kope zikipepesa.

"Vitu vikubwa vyeusi bado vinanijia kidogo," akasema. "Lile lililosimama pale ni nini?"

"Ni tairi, Mama Mkubwa."

"Hilo naliona."

Hakuna aliyecheka. Herufi nyeupe hakuzitaja, bila shaka hakuziona. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, mimi na pikapu yangu, na naamini siku hiyo ingetumeza bila shida, pamoja na changarawe yake. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

"Njoo ukae hapa," Mama Mkubwa akaniambia, akipigapiga kigoda kilichokuwa mbele yao. "Nieleze dada yangu yukoje. Nikimuuliza yeye atasema yuko vilevile. Huyu ni mwongo tangu utoto."

"Niko vilevile," Mama akasema.

"Unamsikia?"

Nikaketi. "Amevaa gauni la bluu," nikaanza, "lenye vifungo..."

"Sikukuuliza gauni. Uso."

Nikafungua mdomo. Tairi lile ningelichora nikiwa nimefumba macho, mfereji kwa mfereji. Nikamtazama mama yangu, naye akainua kidevu kidogo na kutulia, kama wateja wangu wanavyotulia ninapowapimia madirisha, wakiogopa kunikosesha.

"Kwenye paji la uso kuna mistari mitatu," nikasema. "Wa katikati umekatika."

"Umekatika wapi?" akauliza Mama Mkubwa.

Nikasogeza kigoda karibu ili nione.