Kushoto kwa Stergios

Nusu ya sahani ilikuwa tupu, imefutwa kwa mkate. Nusu ya kushoto, dengu zilikuwa hazijaguswa, na mume wangu Stergios alikuwa ananung'unika kwamba siku hizi nampimia chakula kama kifaranga. Nikaizungusha sahani. Akala.

Kiharusi kilimpiga kabla ya Kwaresima. Miguu ilirudi, lakini kichwa kiligeukia kulia kikabaki huko. Chochote cha upande wa pili, mlango, nusu ya ndevu zake, hata mkono wake mwenyewe, kwake hakikuwapo. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinikanya: "Mama, wewe kaa kushoto kwake. Mwite kutoka huko mpaka ageuke. Ukimhurumia ukahamia kulia, shingo itazoea hivyo hivyo."

Basi nikakaa kushoto. Binti yetu Zoitsa alikaa kulia, wakacheka yeye na baba yake. Nilipomwita, alinitafuta nyuma ya Zoitsa.

"Mama yako kaenda wapi tena? Mwanamke huyu hatulii nyumbani."

Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi zake. Sijapata kuwa mpweke namna ile, hata baada ya kumzika.

Kanisani kwetu wanawake husimama kushoto, wanaume kulia. Kwa miaka arobaini na mmoja, kabla ya komunyo, Stergios aligeuza kichwa kunitafuta, nami nikajifanya simwoni. Jumapili ya Matawi nilimngoja ageuke. Alitazama ukuta wake wa kulia tu. Komunyo ikapita. Uvumilivu ukanishinda, nikakatiza katikati ya kanisa, kijiji kizima kikinikodolea macho, nikajipenyeza kati yake na ukuta.

"Evanthia," mzee Anargyros akaninong'oneza, "umeota ndevu lini?"

Stergios alikuwa ananitazama, machozi yakimlengalenga.

"Umerudi lini?" akauliza.

"Sasa hivi."

Alinishika mkono, hakuuachia mpaka ibada ikaisha. Nilitamani padri asifike mwisho.

Mchana Zoitsa alipopakua samaki wa sikukuu, alikiacha wazi kiti cha kulia. Stergios alikuwa akikipapasa, ananingoja. Nilisimama nyuma ya kiti kile kwa muda. Kisha nikazunguka meza, nikaketi kushoto, nikamwita.