Mguu wa Boti ya Petroli

Husna alimkanya kaka yake tangu wakiwa gereji Sumbawanga. Injini ya boti waliyokuwa wakiifufua ilikuwa ya dizeli, wameichomoa kwenye pikapu ya familia. Mguu wa nyuma, wenye gia na panga la kusukumia maji, ulitoka kwenye boti ya petroli.

"Dizeli inazunguka taratibu, lakini ina nguvu ya ng'ombe wa plau," alimwambia. "Hizi gia hazitaistahimili. Tutafute mguu wa dizeli."

"Hofu yako itatuzeesha, mdogo wangu," Amin alijibu. Wachuuzi wa samaki walikwisha kuahidiwa safari.

Wakaishusha boti ziwani, Kipili. Ziwa lilikuwa shwari walipotoka, lakini boti ilijikokota, panga likizunguka kivivu. Walipokipita kisiwa cha kwanza upepo ukaanza kuvuma. Amin, akiona aibu kupitwa na mtumbwi, akaongeza moto mpaka mwisho.

"Kaka, acha!"

Ka! Kitu kikalia ndani ya mguu, kikasaga, kisha injini ikanguruma bure. Boti ikaanza kusukumwa na mawimbi kuelekea kwenye mawe ya kisiwa.

Husna akamsogeza kaka yake, akapunguza moto, akaingiza gia ya mbele tena. Ikasaga tu. Amin alikuwa ameshika ukingo kwa mikono miwili. Mawe yalikuwa karibu kiasi cha kuonekana ukoga wake.

Gia ya kurudi nyuma ina meno yake, Husna akawaza. Akaiingiza taratibu. Mguu ukatetemeka. Panga likashika maji.

"Tunarudi kinyumenyume!"

"Maji yatatuingilia nyuma, Husna! Injini itazama!"

"Peleka nanga na madumu mbele, nyuma inyanyuke, halafu chota maji!"

Wimbi la kwanza likaruka nyuma ya boti likamlowesha Husna kifuani. Amin akachota kwa ndoo, akamwaga, akachota. Kila Husna alipotamani kuongeza moto, alijizuia. Meno yaliyobaki ndiyo yaliyokuwa uhai wao. Usukani ulikataa kutii, boti ikipinda huku na huku kama mlevi. Mawe yalisogea mbali polepole mno.

Walipofika ufukweni, wavuvi waliangua kicheko kuona boti inatia nanga kwa kisogo. Amin alikaa kwenye mchanga, ndoo mapajani.

"Nisamehe, Husna. Ningekuzamisha."

Hapo ndipo hasira zilipompanda Husna, baada ya hatari kwisha. Akataka kumfokea, akaishia kulia mbele ya watu wote. Amin akanyanyuka, akawafuata wachuuzi waliokuwa wakisubiri na matenga yao, akawaambia kwa kinywa chake kwamba safari haipo mpaka dada yake aseme ipo.