Nani Anyooshe Mlango wa Mama

Fundi cherehani yule watu walimwita Sindano, na msidhani ni kwa ajili ya ushonaji peke yake. Basi asubuhi hiyo alifika pale anapooshewa gari, akalikuta linameremeta kila mahali, ila mlango wa abiria umebonyea kama sufuria iliyoangushwa. Mwoshaji alikuwa akilisogeza, akaliburuza kwenye nguzo.

Sindano akaujaribu mlango. Uligoma, ukafunguka kwa kuvutwa na mikono miwili, na hapo ndipo damu ilipomchemka. Huo ulikuwa mlango wa mama yake. Tangu kiharusi kimpige miaka minne iliyopita, bibi yule alibakiwa na mkono mmoja wenye nguvu, wa kushoto, na jambo moja alilokataa katakata ni kufunguliwa mlango wa gari. "Siku mkianza kunifungulia," alisema, "hospitali mtakwenda wenyewe." Na kliniki ilikuwa kila wiki. Na bibi hakuwa mtu wa kurudi nyuma.

Meneja akaja na tabasamu. "Dada, kosa ni letu. Tuna fundi wetu hapo nyuma, jioni unachukua gari kama jipya."

"Nionyeshe alilowahi kulinyoosha."

Meneja akamwonyesha pikapu yake mwenyewe. Rangi ilikuwa safi, haki ya Mungu. Sindano akatoa mkobani sumaku anayookotea pini sakafuni, akaifunga kitambaa isikwaruze, akaipitisha ubavuni mwa pikapu. Mbele iling'ang'ania. Ilipofika mlangoni ikaanguka chini, pu.

"Hapa hamna bati, kaka. Mmeziba mbonyeo kwa pati mkapaka rangi juu," alisema. "Funika kombe mwanaharamu apite. Langu hamligusi. Litatengenezwa na fundi ninayemtaka mimi, na wewe utaniandikia kwamba gharama ni yenu."

Meneja alisema utaratibu wa kampuni hauruhusu. Sindano akavuta kiti, akaketi katikati ya mlango wa ofisi, akatoa suruali ya mteja na kuanza kuipiga pindo. Alipomaliza mguu wa kwanza, utaratibu ukaruhusu.

Sasa, fundi gani? Jibu alikuwa nalo tangu mwanzo, na lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Mtu aliyemjua wa kurudisha bati kwa nyundo, bila ujanja wa pati, alikuwa mmoja tu, naye ni mtalaka wake. Miaka mitatu hawajasemezana. Nyumbani alikuwa mwongo, tena mwongo wa kuapa. Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kwenye bati hakuwahi kumdanganya mtu. Sindano akajiambia kwamba hatafuti mume, anatafuta mlango, akawasha gari.

Mtalaka alipomwona alishusha nyundo taratibu. "Umekuja kwangu?"

"Nimekuja kwa kazi yako. Ni mlango wa mama."

Alilisogelea gari. Aliuvuta mlango kwa mkono wa kulia, akasita, akauvuta tena kwa wa kushoto. "Bado anatumia huu?"

"Huo huo."

"Niachie siku mbili."

Siku ya tatu fundi alilileta gari mwenyewe hadi nyumbani kwa mama, alikosubiri Sindano. Bibi akatoka na fimbo yake, akamwona mkwe wa zamani, akaenda moja kwa moja kwenye gari. Alimpa Sindano fimbo, akaweka vidole vya kushoto kwenye kitasa, akavuta. Ukafunguka. Akaufunga, akaufungua tena, polepole, kama mtu anayeonja mchuzi. Fundi alisimama kando, macho chini.

"Shikamoo, mama," alisema kwa sauti ndogo.

Alikuwa amemwamkia hivyo mara nyingi tangu talaka, sokoni na misibani, na kila mara bibi alipita kana kwamba hakusikia. Safari hii aliketi kwanza garini, akauvuta mlango mwenyewe, akateremsha kioo.

"Marahaba, mwanangu," alisema.

Na Sindano, aliyekuwa amewashinda wote tangu juzi, akajikuta anatafuta leso.