Jicho la Mwari

Mwaka ule wa mvua za Elnino, Barke alikuwa amewekwa ndani nyumbani kwa mamake, Bi Zamu, mtaani Ndia Kuu, akisingwa singo, manukato ya kusugulia mwili, kama ilivyo ada ya mwari anayengoja harusi. Hatoki, haonekani. Na mwari haulizwi, huambiwa tu.

Tangu utotoni ngozi yake ilikuwa na magamba, na wakwe hawakuambiwa. Kabla hajawekwa ndani, daktari mmoja wa Makadara alimpa vidonge, magamba yakapukutika. Na lo! Jicho la kulia, lililokuwa jekundu na lenye ukungu miaka yote, nalo likafunguka. Daktari mwenyewe alishangaa. "Mimi nilitibu ngozi, kumbe maradhi ni mamoja! Dawa hizi usiziache, mwanangu."

Nani amwambie Bi Zamu akasikia? Barke alipowekwa ndani tu, mamake alivichukua vidonge akavitupa chooni. "Ngozi imetakata, singo yatosha. Wakwezo wakiviona watauliza."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini Bi Zamu, masikini, aliwaogopa wakwe kuliko kifo.

Wiki ya pili ukungu ukarudi. Barke alipomwambia mamake, akajibiwa ni moshi wa udi. Alipomwambia tena, akaambiwa mwari hana ulimi. Akalia kimyakimya, maana alijua jicho linakwenda na hana wa kumtoa mle ndani.

Siku ya hina wakwe wakaja na vigelegele. Somo yake, mwanamke aliyemfunda, akamchora viganja vyote viwili, maua juu ya maua. Barke akafumba jicho la kushoto ajaribu kuyaona. Hakuona hata moja.

"Mama," akasema, wanawake wote wakisikia, "nataka dawa yangu ya magamba. Jicho langu linakufa."

Vigelegele vikakatika. "Magamba gani?" akauliza mamake bwana harusi.

"Umetuvua nguo, Barke!" Bi Zamu akapiga ukelele, akauziba mlango. "Ukitoka na hina mbichi, harusi hakuna!"

Barke alimpenda mamake, na alimuogopa tangu alipojua kuogopa. Hata hivyo akainuka, akamsogeza taratibu kwa bega, akalishika komeo kwa viganja viwili akalivuta. Hina yote ikabaki mlangoni.